Udongo Uwahi Ungali Maji

Maneno yaliyosemwa na karani wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka, juu ya kuwafundisha vijana wa shule za sekondari kutunza ardhi, maji na misitu



 Kila mwaka kazi yangu katika mkutano huu imekuwa ni kusoma hesabu: karo tuliyowalipia watoto, michango ya misiba, na madeni ambayo baadhi yetu hatupendi yasomwe kwa sauti. Mwaka huu Kamati imeniagiza niliweke daftari chini, niseme juu ya jambo ambalo halijapata kuingia katika hesabu zetu, ingawa hasara yake ni kubwa kuliko madeni yote niliyowahi kuyasoma hapa.

Mimi si mwalimu, wala si bwana shamba. Ni karani wa kiwanda cha chai, na kazi yangu ya kila siku ni kuandika kuni zinazoingia kwa malori ili kuwasha moto wa kukaushia majani. Kwa hiyo nawaomba wazee wangu mniwie radhi nikikosea. Nitasema niliyoyaona kwa macho yangu, na niliyoyasoma na kuyahakikisha.

Nchi tuliyorithi

Hapana haja ya kuwaeleza ninyi nchi hii ilivyo, lakini vijana wameketi pale nyuma nao wanasikiliza. Mashariki yetu umekaa msitu wa Mau, ulio mkubwa kuliko ile minara mingine minne ya maji ya Kenya, yaani Mlima Kenya, Aberdare, Cherangani na Elgon. Unyevu utokao Ziwa Viktoria hupanda na upepo hadi milimani, hupoa, kisha hutuangukia alasiri, mara nyingine pamoja na mvua ya mawe ambayo kila mwenye chai anaijua kwa uchungu. Ndiyo sababu chai yamea hapa: mvua haikatiki kwa miezi mingi, na udongo ni mwekundu, wenye kina, na wenye uchachu ambao mmea huo huupenda.

Kutoka msituni hutoka mito ya Kiptiget, Itare, Chemosit na Kipsonoi, na maji yake huishia katika mto Sondu. Sondu nao huzungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu, yenye nguvu ya megawati 60, kabla ya kuingia ziwani. Upande wa Bomet hutoka Nyangores na Amala, ambayo hukutana na kuwa mto Mara. Maji yale yale yapitayo karibu na mji wa Bomet ndiyo wanywayo nyumbu wa Maasai Mara na wa Serengeti, kisha yakamwagika katika ziwa upande wa Musoma, nchi ya Tanzania. Pale Tenwek maporomoko ya Nyangores yameipa hospitali umeme tangu mwaka 1987.

Basi mtu anayelima hadi ukingoni mwa kijito chake, akidhani analima shamba lake peke yake, ameitia jembe riziki ya watu asiowajua hata kwa jina. Na waliotutangulia juu ya kilima wameitia jembe riziki yetu sisi.

Walivyofundisha wazee, na tulivyofundishwa sisi

Wazee wetu hawakuwa na ubao wala chaki, lakini walikuwa na shule. Kokwet ilikaa chini ya mti, ikaamua mambo ya malisho, mipaka na njia za kwenda majini. Mtoto alijifunza akichunga ng'ombe: huu ni tebeswet, ule ni silibwet; huu ni senetwet, ambao mkaa wake husafisha kibuyu cha mursik; na ule pale ni tendwet, ambao gome lake ni dawa, wala hukatwi na kila mpita njia. Mtoto hakuambiwa kwamba anasoma elimu ya mazingira. Aliambiwa tu alete kuni kavu, na asilete mbichi.

Mimi nilipelekwa shule ya bweni, shule njema ya misheni, na sina neno baya la kuisema. Katika mtihani wa jiografia niliandika kurasa mbili nzuri juu ya misitu ya Kanada, na ukurasa mmoja juu ya Waholanzi walivyoikausha bahari wakapata mashamba. Nilipata alama nzuri. Lakini laiti mwenye kusahihisha angaliniuliza mto Kipsonoi huanzia wapi, ningaliandika sufuri kwa mkono wangu mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikiwa na cheti, wala sikuweza kuutenga tebeswet na silibwet.

Siwalaumu walimu. Kitu kimoja kilitoka mikononi mwa wazee kabla hakijafika mikononi mwa walimu, kikaanguka katikati. Wazee walisema, "Mtoto yuko shuleni, watamfundisha huko." Walimu wakasema, "Mtoto ana wazazi, mambo ya mito na miti atayapata kwao." Mtoto akabaki katikati, hana huku wala huko.

Chemchemi yetu

Sasa nitawasimulia jambo lililotokea nyumbani kwetu, nami ndiye mkosaji wa kwanza ndani yake.

Chini ya shamba la baba yangu iko chemchemi. Nilipokuwa mtoto, dumu la lita 20 lilikuwa likijaa kabla mama hajamaliza kumwuliza jirani habari za watoto. Nilipopata kazi kiwandani, niliona jinsi kuni na nguzo zinavyonunuliwa kwa bei nzuri. Kando ya chemchemi palikuwa na kipande chenye unyevunyevu ambacho hakikufaa kwa chai. Nikanunua miche ya mkalitusi, baba akashika kamba, tukaipanda safu kwa safu hadi kwenye macho ya maji. Miti ilikua kwa haraka, tukafurahi. Nilipiga hesabu: miti ile ndiyo itakayomlipia mtoto wangu wa kwanza karo ya sekondari.

Baada ya miaka kadhaa maji yakaanza kupungua. Mwezi wa Januari akina mama walikuwa wakiamka usiku kupanga foleni ya madumu. Tukalaumu mbingu. Tukalaumu majirani wa juu. Tukawalaumu watu wa msituni na serikali. Kila mtu alilaumiwa isipokuwa miti yetu.

Binti wa marehemu kaka yangu anaishi kwa babu yake, na karo yake mnailipa ninyi kwa mfuko wa chama hiki. Alipokuwa Kidato cha Pili, mwalimu wake wa jiografia aliwapa wanafunzi kazi ya likizo: kila mmoja apime maji ya mahali pamoja nyumbani kwao. Yeye akachagua mahali pawili. Kila Jumamosi alishika dumu na simu ya mama yake, akapima muda ambao dumu linachukua kujaa kwenye chemchemi yetu; kisha akapanda hadi chemchemi ya jirani, iliyo katika mteremko huo huo, ambayo bado imezungukwa na lamaiywet na miti mingine ya kienyeji. Likizo ile ilipokwisha hakuacha. Aliendelea likizo zilizofuata, na alipokuwa shuleni mdogo wake alimshikia kazi.

Jioni moja alimsomea babu yake daftari lile. Chemchemi zote mbili zilipungua wakati wa kiangazi, lakini ya jirani ilipungua tu, yetu ilikatika. Baba alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akauliza, "Unanishtaki kwa daftari?"

Msichana akajibu, "La, babu. Nimeandika tu."

Siku tatu mzee hakusema neno juu ya jambo lile. Siku ya nne aliniita, akaniambia nilete msumeno.

Wazee wangu, haikuwa rahisi. Miti ilikuwa bado myembamba, ikauzwa kwa bei ya chini. Karo niliyoitegemea haikupatikana, nikalazimika kukopa katika chama hiki. Deni hilo limo katika hesabu ya mwaka jana, nami ndiye niliyelisoma mbele yenu. Isitoshe, mkalitusi haufi kwa kukatwa mara moja. Visiki viliota tena na tena, tukavikata tena na tena. Tukapanda lamaiywet na tebeswet, tukaweka ua ng'ombe wasifike kwenye macho ya maji, na tukachimba hodhi lao mbali kidogo upande wa chini.

Kiangazi kilichopita maji hayakukatika. Yalikuwa membamba, wala sisemi kwamba yamerudi kama ya utotoni mwangu. Lakini akina mama hawakuamka usiku.

Wala sisemi kwamba mkalitusi ni mti mbaya. Mimi naandika kuni kila siku, na najua ya kuwa kila gogo la mkalitusi lililokuzwa shambani ni gogo moja lisilotoka Mau. Mti ule ukipandwa juu kwenye kilima kikavu, mbali na maji, ni mtumishi mwema. Ukipandwa juu ya chemchemi, hunywa alichopaswa kunywa mwenye nyumba. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikalitusi iondolewe kando ya mito na chemchemi. Agizo lile lilipita masikioni mwetu kama upepo. Daftari la msichana halikupita.

Elimu iliyozaliwa hapa kwetu

Kwa miaka mingi tumebishana kama chai imeharibu mito yetu au haikuharibu. Wachache wanajua ya kuwa swali hilo lilipimwa hapa hapa Kericho. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa utafiti wa kilimo na misitu wa Afrika Mashariki, pamoja nao Bwana H. C. Pereira, walichagua mabonde mawili yaliyo jirani. Katika bonde la Sambret, sehemu ya msitu wa asili ilikatwa ikapandwa chai. Bonde la Lagan liliachwa na msitu wake. Wakapima mvua iliyoanguka na maji yaliyotoka katika kila bonde, mwaka baada ya mwaka, na taarifa zao zikaanza kuchapishwa mwaka 1962.

Waliona kwamba ardhi ilipokuwa wazi, maji ya mvua yalitiririka kwa nguvu. Chai ilipokua na kuifunika ardhi, penye mifereji na mistari iliyofuata kontua, mtiririko ule ulitulia, na kijito hakikukauka. Lakini nawasihi msiichukue habari hii nusu nusu. Hilo lilikuwa shamba lililotunzwa kwa fedha na kwa utaalamu. Wapimaji hawale hawakusema kwamba kila mtu akate msitu apendavyo, alime mteremko kutoka juu hadi chini kama anayechora mlango wa mafuriko. Walichoonyesha ni kwamba namna ya kulima ina maana sawa na kile kinacholimwa.

Nauliza basi: ni wanafunzi wangapi wa Kericho na Bomet waliokwisha kusikia jina la Sambret? Wazungu na Wahindi wasomao elimu ya maji hulisoma katika vitabu vyao. Mtoto aliyezaliwa karibu na kijito chenyewe halijui.

Si kwa kiboko

Wazee wengine mlio hapa mnakumbuka, au mlisimuliwa na baba zenu, jinsi serikali ya kikoloni ilivyowalazimisha watu kuchimba matuta. Huko Murang'a, mwishoni mwa miaka ya 1940, akina mama walikataa kazi ile hata pakawa na ghasia. Watu hawakuuchukia udongo wao. Walichukia amri, na walichukia kufanyishwa kazi bila kuelezwa sababu. Uhuru ulipofika, mahali pengi matuta yaliachwa yakabomoka, maana watu waliyahesabu kuwa ni alama ya utumwa.

Lakini tazameni Machakos. Katika miaka ya 1930 wakoloni walisema ardhi ile imekwisha, haitalisha watu tena. Baadaye Wakamba wenyewe walishika mtindo uitwao fanya juu, ambao mtu huchimba mtaro kufuata kontua, akautupa udongo upande wa juu ukawa tuta, na kwa miaka michache shamba likajilaza ngazi ngazi. Watu waliongezeka, na udongo ukatunzwa kuliko zamani, kwa kuwa kila mwenye shamba aliona faida yake katika mahindi na matunda yake mwenyewe.

Funzo ni hili: utunzaji wa ardhi ulioingia kwa kiboko hutoka siku kiboko kinapoondoka. Ulioingia kwa kuelewa hukaa. Na mahali pa kuelewa ni shule, wakati kijana angali laini. Udongo uwahi ungali maji.

Mambo manne ya kufundisha

Katika kuzungumza na walimu wa shule zilizo jirani nasi, tumeona ya kuwa mambo manne yaweza kuanzwa bila kungoja fedha kutoka Nairobi.

La kwanza ni kupima. Kila kidato kichague chemchemi moja au kijito kimoja, kiandike maji yake kila juma, na daftari lirithiwe na kidato kinachofuata. Dumu, saa na kalamu zatosha. Daftari la mwaka mmoja ni kazi ya shule. Daftari la miaka kumi ni shahidi ambaye hakuna mbunge wala mwenye kampuni awezaye kumkana.

La pili ni udongo. Chukua sinia mbili za udongo, moja wazi na nyingine yenye majani, ziinamishe kidogo, zimwagie maji sawasawa. Ya kwanza itatoa maji mekundu kama damu, ya pili itatoa maji yaliyo karibu na meupe. Mwanafunzi aliyeliona hilo hahitaji hotuba yangu. Kisha afundishwe kutengeneza kipimo cha herufi A: fito tatu, kamba, na jiwe linaloning'inia. Kwa kipimo hicho kijana aweza kuchora kontua katika shamba la baba yake kabla ya mvua za masika. Wenzetu wa sehemu za chini za Bomet, kuelekea Sigor na Chepalungu, ambako mvua ni haba na makorongo yamekula malisho, wanalihitaji jambo hili kuliko sisi wa huku juu.

La tatu ni kitalu cha miche ya kienyeji. Profesa Wangari Maathai alianzisha Mwendo wa Ukanda wa Kijani mwaka 1977 kwa miche iliyokuzwa na akina mama wa vijijini, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Mbegu za lamaiywet na tendwet zinaanguka bure kila mwaka. Wenye kujua ni mti upi hutoa mbegu, na mwezi gani, ni ninyi wazee. Hapo ndipo mwalimu hana budi kuja kwenu kuwa mwanafunzi.

La nne ni jiko. Nimeona shule ambamo wimbo wa kupanda miti huimbwa asubuhi uwanjani, na adhuhuri jiko lake la mawe matatu humeza magogo kama jini. Mwanafunzi husoma jikoni zaidi ya anavyosoma ubaoni. Shule ijenge jiko linalotumia kuni kidogo, ipande shamba lake la kuni mahali pafaapo, na wanafunzi waandike hesabu ya kuni kama niandikavyo mimi.

Tusidhani vijana hawawezi. Vyama vya Wanyamapori vya Kenya, vilivyoenea katika shule nyingi, vilianzishwa na wanafunzi wenyewe mwaka 1968. Vijana wakipewa kazi ya kweli huishika.

Mtoto wa aliyefukuzwa

Sasa nafika penye jambo gumu, nami ningalipenda kulipita, lakini nikilipita nitakuwa mwongo.

Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 60,000 za Mau katika hifadhi ya msitu. Wengine waliopewa ardhi walikuwa maskini wasio na shamba. Wengine walikuwa wakubwa waliojipa wenyewe. Watu wetu wengi walinunua vipande huko, wakashika karatasi walizoambiwa ni halali, wakajenga, wakapanda viazi na chai. Mwaka 2009 jopo lililochunguza Mau lilitoa taarifa yake, na mwishoni mwa mwaka ule kufukuzwa kukaanza. Mwaka 2018 na 2019 kukafuata kule Mau ya Wamaasai. Kila mmoja wetu ana ndugu aliyelala chini ya karatasi ya plastiki kando ya barabara. Chama hiki kilichanga mablanketi. Hesabu zake ninazo.

Wako pia Waogiek, walioishi msituni kabla yetu. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mjini Arusha, iliamua kwamba serikali ya Kenya ilivunja haki zao, na kwamba hoja ya kuutunza msitu haikutosha kuwaondoa.

Fikirini basi darasani. Mwalimu anasema, "Msitu uliharibiwa na wavamizi." Katika dawati la tatu ameketi mtoto ambaye baba yake ndiye aliyefukuzwa. Mtoto yule atajifunza nini? Atajifunza kwamba kutunza mazingira ni jina jingine la kumchukia baba yake. Na akiwa mtu mzima atakata mti kwa kisasi.

Ushauri wangu ni kwamba ukweli ufundishwe mzima. Mtoto ajue kwamba msitu ule ni lazima usimame, maana bila huo Kipsonoi na Nyangores itakufa. Ajue pia nani aliugawa, nani alinufaika, na nani aliyelipa kwa nyumba yake. Asome kwamba Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi, na kwamba Katiba hiyo hiyo inaiagiza serikali ihakikishe miti inafunika walau asilimia 10 ya nchi. Mambo haya mawili, haki na msitu, hayapigani. Aliyeyagombanisha ni mwenye kutaka vyote viwili viwe vyake.

Majibu kwa wenye shaka

Wako watakaosema, "Watoto wana mitihani, watafeli wakishika madumu." Nawajibu kwamba binti yetu alipoulizwa katika mtihani juu ya mzunguko wa maji, hakuhitaji kukariri, alikuwa ameuona.

Wako watakaosema, "Serikali inapanda miti, sisi yatuhusu nini?" Ni kweli, Desemba 2022 Rais Ruto alizindua mpango wa miti bilioni 15 hadi mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa sikukuu ya kupanda miti nchi nzima. Tathmini ya taifa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba miti inafunika asilimia 12.13 ya nchi. Ni habari njema. Lakini siku ya kupanda ni moja, na siku za kumwagilia na kufukuza mbuzi ni nyingi. Nimeona miche ya sikukuu ile. Mingi iliyosimama leo ni ile iliyopewa mtu wa kuitunza.

Wako tena watakaosema kimoyomoyo, kwa sababu ya adabu, "Shamba ni langu, na mtoto wa Kidato cha Pili hawezi kunifundisha." Mzee wangu, nakuelewa, kwa maana baba yangu alilisema kwa sauti. Kanuni za maji za mwaka 2006 zilikataza kulima kando ya mto katika ukanda usiopungua mita 6, na unaoweza kufika mita 30. Lakini sikuja hapa kukutisha kwa sheria. Nakuomba tu umruhusu mtoto apime, kisha ulisome daftari lake. Aliyeonyeshwa na mjukuu wake hajashindwa, amevuna alichopanda.

Maombi kwa Mkutano

Bwana Mwenyekiti, namalizia kwa maombi matatu, ambayo naomba yapigiwe kura leo.

Kwanza, kila mwanafunzi anayelipiwa karo na mfuko wetu atumie siku nne za kila likizo katika kazi ya chemchemi au kitalu kijijini kwao, wasichana kwa wavulana sawasawa, na kazi hiyo isiwe nyongeza juu ya mgongo wa msichana ambaye tayari anateka maji na kupika.

Pili, kila kokwet itoe wazee wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wawe walimu wa miti ya kienyeji katika shule iliyo karibu. Wasilipwe mshahara, ila wapewe chai na nauli. Na katika nchi hii, chai haitatushinda.

Tatu, sisi wanachama wenye chemchemi katika mashamba yetu tuanze kwa kuondoa mikalitusi iliyo juu ya macho ya maji. Najua gharama yake. Kwa hiyo naiomba Kamati itenge mkopo mdogo usio na faida kwa mwanachama atakayekata miti kabla haijakomaa, asije akaangukia mahali nilipoangukia mimi.

Mwaka ujao, mkinijalia uhai na kazi hii, nitasoma hesabu kama kawaida. Lakini naomba niruhusiwe kuongeza ukurasa mmoja, usio na shilingi, wenye majina ya chemchemi zetu na muda ambao dumu la lita 20 limechukua kujaa katika kila moja. Wazee watautazama ukurasa huo na kujua kama chama hiki kimewasaidia watu wake au hakikuwasaidia.



(Baada ya hotuba hii Mkutano ulijadili maombi hayo kwa muda wa saa moja. La kwanza na la pili yalikubaliwa kwa kauli moja. La tatu lilirudishwa kwa Kamati likatazamwe kwa habari ya fedha. Mzee mmoja alisimama akasema kwamba yeye hatangoja mkopo, akaomba aazimwe msumeno.)